Binti wa Shahabad na Gongo Lililovunjika

Leo twapenda kuwasimulieni habari za msichana mmoja wa Bara Hindi, jina lake Rani Rampal. Watu wa kwao waliutazama mwili wake wakasema hawezi, naye akashikilia kazi yake miaka mingi, hata baadhi ya wale waliomkatalia wakawa ndio wa kwanza kumshangilia. Hadithi hii si ya kubuni. Mwanamke huyu yu hai, na mengi katika mambo tutakayoyaeleza, hasa yale ya utoto wake, ameyasimulia kwa kinywa chake mwenyewe.

Kwanza yafaa tueleze mchezo wenyewe, maana wengi wenu mwaujua mpira wa miguu tu. Mchezo wa Rani ni mpira wa magongo, ambao watu wengi huuita hoki. Kila upande huwa na wachezaji 11, na kila mmoja ana gongo lililopinda nchani, mfano wa bakora iliyogeuzwa juu chini. Mpira wake ni mdogo, mgumu, uzito wake yapata gramu 160, nao ukimpiga mtu mfupani hatausahau upesi. Hairuhusiwi kuugusa kwa mguu wala kwa mkono, isipokuwa kwa mlinda mlango. Tena gongo lina upande mmoja bapa, na huo ndio wa kupigia. Bao halihesabiwi ila mpira uwe umeguswa na mshambulizi ndani ya nusu duara iliyochorwa mbele ya mlango. Kwa kuwa mpira u chini na gongo ni fupi, mchezaji hukimbia ameinama, akainuka, akainama tena, kwa muda wa dakika 60. Tumeyataja hayo si kwa ajili ya kupamba maneno. Asiyejua jinsi mchezo huu unavyouchosha mgongo na mapaja hataelewa kwa nini mwalimu mmoja alimtazama mtoto mwembamba akamwambia arudi nyumbani.

Mchezo huu si mgeni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Katika miji yetu ulikuzwa zaidi na watu wa asili ya Bara Hindi, na kwa miaka mingi timu ya Kenya iliogopwa duniani. Katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 Kenya ilipata nafasi ya sita, na mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza lililochezwa Barcelona, ilikuwa ya nne. Avtar Singh Sohal, aliyekuwa kapteni wake, alicheza katika Olimpiki nne. Watanzania nao walikwenda Moscow mwaka 1980, na huko wanaume wa Bara Hindi wakawafunga mabao 18 kwa 0. Hatulitaji jambo hilo ili kuwatia haya ndugu zetu, bali mpate kujua wanaume wa nchi ile walikuwa watu wa namna gani katika mchezo huu: tangu mwaka 1928 hata huo wa 1980 walikuwa wamekwisha kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mara nane.

Walakini tumesema wanaume. Wanawake wa Bara Hindi walikwenda Moscow mwaka ule ule wa 1980, ndipo hoki ya wanawake ilipochezwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, wakawa wa nne. Kisha hawakuonekana tena katika Olimpiki kwa muda wa miaka 36.

Sasa tumrudie msichana wetu. Rani alizaliwa tarehe 4 Desemba 1994 huko Shahabad Markanda, mji mdogo katika wilaya ya Kurukshetra, jimbo la Haryana, upande wa kaskazini wa Bara Hindi. Baba yake alikuwa mtu wa mkokoteni, na mapato yake kwa siku yalikuwa yapata rupia 80. Mama yake alikuwa akifanya kazi katika nyumba za watu. Nyumbani kwao umeme ulikatika mara kwa mara, usiku mbu waliwalilia masikioni, na mvua ikinyesha sana maji yaliingia ndani. Kula mara mbili kwa siku lilikuwa jambo la kushukuru. Lakini karibu na kwao palikuwa na kiwanja cha chuo cha hoki, nacho ni chuo kilichokwisha kutoa wachezaji kadha wa kadha wa taifa, na mtoto huyu alikuwa akienda kusimama kando yake saa nyingi akiwatazama wenziwe wakicheza. Akatamani kucheza.

Akamwomba baba yake gongo. Rupia 80 haziwezi kulisha watu na kununua gongo pia, basi baba hakuwa na la kujibu. Akamwendea mwalimu wa chuo, Baldev Singh, akamwomba amfundishe. Mwalimu akamtazama, akaona mtoto aliyekonda kwa kukosa chakula, akamkatalia, akimwambia kwamba hana nguvu za kumaliza zoezi hata moja. Akaja kesho yake, akakataliwa. Akaja tena.

Hapa twaomba ruhusa tuseme neno. Ni rahisi sana kumlaumu mwalimu yule, na watu wasimuliapo habari kama hizi hupenda kuwa na mtu mbaya ndani yake. Sisi hatumwoni hivyo. Mwalimu alisema aliyoyaona kwa macho yake, na aliyoyaona yalikuwa kweli: mtoto alikuwa dhaifu. Kosa lililokuwamo katika hukumu yake, na ni kosa ambalo wazee na walimu wengi huliangukia, ni kudhani kwamba udhaifu wa leo ndio umbile la mtu, kumbe ulikuwa upungufu wa maziwa na nafaka tu.

Wahunzi wetu husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Siku moja Rani aliokota kiwanjani gongo lililovunjika, lililotupwa na wenyewe, akaanza kujifunza kwa hilo. Hakuwa na nguo za mchezo, basi alikimbia amevaa ile kanzu na suruali pana wavaazo wanawake wa kwao. Mfikirieni mtoto mwenye gongo bovu, amevaa nguo za nyumbani, peke yake pembeni mwa kiwanja, na ng'ambo wenziwe wenye viatu na magongo mazima wakiitikia filimbi ya mwalimu. Siku zikapita, naye haachi. Mwisho wake mwalimu akakubali kumjaribu.

Alipovuka mto huo akakuta mwingine nyumbani. Wazazi wake waliposikia kwamba amekubaliwa, walikataa. Wasichana, walisema, kazi yao ni ya nyumbani. Tena mchezo huu huchezwa kwa sketi fupi, na jamaa watasema nini? Rani akawasihi sana, akawaahidi kwamba akishindwa, atafanya lo lote watakalo. Wakakubali kwa shingo upande. Twadhani wazazi wengi wanaotusikiliza jioni hii wayajua vema maneno haya ya jamaa watasema nini, maana hayakuzaliwa Haryana peke yake.

Mazoezi yalianza alfajiri sana, na nyumbani hapakuwa na saa. Basi mama yake alikuwa akikesha, akitoka nje kuitazama mbingu, apate kujua kama wakati umefika wa kumwamsha binti yake. Huyu ni mama yule yule aliyesema kwamba binti hapaswi kucheza. Lakini alipokwisha kutoa ruhusa aliilipa kwa usingizi wake mwenyewe.

Chuoni palikuwa na kanuni kwamba kila mchezaji alete maziwa, nusu lita kila siku, anywe baada ya mazoezi. Kanuni ilikuwa njema, maana mwili unaofanya kazi kama ile hauwezi kujengwa kwa maneno. Lakini fedha za kwao zilitosha kununua kama sehemu moja ya tano ya lita tu. Mwenyewe asema ilikuwa kama mililita 200. Rani hakumwambia mtu. Alichanganya maji katika maziwa yake hata kipimo kikatimia, akanywa mbele ya wenziwe kama wao. Hakuwa akimdanganya mtu kwa faida, wala hakuna aliyepunjwa ila yeye mwenyewe. Alichokihofia ni kurudishwa nyumbani kwa ajili ya maziwa baada ya kukubaliwa kwa taabu vile. Kama kuna jambo moja katika maisha yake ambalo twataka wanafunzi walitafakari, basi ni kikombe hicho cha maziwa meupe nusu na maji nusu, zaidi ya medali zote zilizokuja baadaye.

Baldev Singh naye, alipokwisha kuona kwamba mtoto huyu haondoki, aligeuka akawa msaada mkubwa. Alimnunulia viatu na vifaa vya kuchezea, akamruhusu kukaa pamoja na watu wa nyumbani mwake, akatunza chakula chake. Hilo nalo tusilisahau, maana wako watu wasimuliao ya kwamba aliyeshinda alishinda peke yake. Ushupavu ulimfikisha mlangoni, lakini mlango ulikuwa na mtu aliyeufungua, na mwili wake ulipata nguvu kwa sababu mtu alimlisha. Mwaka 2009 serikali ya nchi yake ilimpa mwalimu huyu nishani ya Dronacharya, ambayo hupewa walimu wa michezo waliofanya kazi iliyotukuka.

Mshahara wa kwanza wa Rani ulikuwa rupia 500, alizozipata katika mashindano fulani. Alimpelekea baba yake, ambaye hakuwahi kushika fedha nyingi kama hizo mkononi kwa mara moja. Ndipo alipowaahidi wazazi wake kwamba iko siku watakuwa na nyumba yao wenyewe.

Alichaguliwa katika timu kubwa ya taifa kabla hajatimiza miaka 15, akawa mdogo kuliko wote waliokuwamo. Mwaka 2009 huko Kazan, katika nchi ya Urusi, alifunga mabao manne katika mchezo wa mwisho wa mashindano yaliyoitwa Champions Challenge, na Bara Hindi wakashinda. Mwaka uliofuata lilichezwa Kombe la Dunia katika mji wa Rosario, nchi ya Argentina. Timu yake ilipata nafasi ya tisa tu, lakini Rani, mwenye umri wa miaka 15, alifunga mabao saba, akatangazwa kuwa mchezaji kijana bora wa mashindano. Baba yake alikuwa angali mtu wa mkokoteni.

Mwaka 2013 katika mji wa Mönchengladbach, Ujerumani, wasichana wa Bara Hindi walipata medali ya shaba katika Kombe la Dunia la vijana, baada ya kwenda sare na Uingereza na kuamuliwa kwa mapigo ya mmoja mmoja. Katika mapigo hayo mchezaji huanza mbali kidogo, akamkabili mlinda mlango peke yake, naye ana sekunde nane tu za kufunga. Moyo dhaifu huonekana hapo mara moja. Rani alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano yote.

Mtu aweza kudhani kwamba tangu hapo njia ilikuwa tambarare. Sivyo. Mwaka 2016 wanawake wa Bara Hindi walirudi Olimpiki, huko Rio de Janeiro, baada ya ile miaka 36 tuliyoitaja. Walicheza michezo mitano. Wakatoka sare mmoja, wakashindwa minne, wakawa wa mwisho katika timu 12. Bila shaka wengi walisema kwamba ingalikuwa heri wangalibaki kwao.

Mwaka 2017 Rani aliitimiza ahadi ya nyumba.

Sasa sikilizeni habari za tarehe 1 na 2 Novemba 2019 katika mji wa Bhubaneswar. Ili kupata nafasi ya kwenda Olimpiki ya Tokyo, Bara Hindi walipaswa kucheza na Marekani mara mbili, na mabao ya siku zote mbili yahesabiwe pamoja. Rani ndiye aliyekuwa kapteni. Siku ya kwanza walishinda 5 kwa 1, na kila mtu akaona kwamba kazi imekwisha. Siku ya pili ilikuwa balaa. Marekani walifunga bao la kwanza, la pili, la tatu na la nne, na yote hayo kabla ya mapumziko ya nusu ya mchezo. Sasa hesabu ilikuwa tano kwa tano. Uwanja mzima, uliokuja kusherehekea, ukanyamaza. Bao moja la Marekani lingaliwanyima tena Olimpiki. Wakacheza robo ya tatu bila mtu kufunga. Katika dakika ya 48 mpira ulimfikia Rani ndani ya nusu duara, akaupiga ukaingia. Siku hiyo walishindwa 4 kwa 1, lakini kwa jumla walikuwa na mabao sita kwa matano, nao ndio waliokwenda Tokyo. Ni mara chache watu hushangilia mchezo walioshindwa kama walivyoshangilia ule.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 alitunukiwa heshima ya kuwa mwanamichezo bora wa mwaka 2019 katika kura iliyopigwa na watu wa nchi nyingi chini ya shirika la World Games. Alipata karibu kura 200,000, naye alikuwa mchezaji wa kwanza wa hoki kuipata heshima hiyo. Serikali yake nayo ilimpa nishani ya Padma Shri.

Olimpiki ya Tokyo ilicheleweshwa na maradhi ya Korona, ikafanywa mwaka 2021. Bara Hindi walianza vibaya kama walivyomaliza Rio: Waholanzi waliwafunga 5 kwa 1, Wajerumani 2 kwa 0, Waingereza 4 kwa 1. Michezo mitatu, mabao 11 yamekwisha kuingia mlangoni mwao. Kisha wakaishinda Ireland 1 kwa 0, na Afrika ya Kusini 4 kwa 3, wakaponea chupuchupu kuingia katika robo ya mwisho. Huko waliwakuta Waustralia, ambao walikuwa wameshinda michezo yao yote na hakuna aliyedhani kwamba wataanguka. Tarehe 2 Agosti Gurjit Kaur alifunga bao moja, na mlinda mlango Savita Punia pamoja na walinzi wenziwe wakauziba mlango hata mwisho. Moja kwa sifuri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake wa Bara Hindi kufika nusu ya mwisho ya Olimpiki. Argentina iliwashinda hapo 2 kwa 1, na katika kugombea medali ya shaba Waingereza waliwashinda 4 kwa 3. Wakarudi kwao bila medali, nafasi ya nne, na wachezaji wengi wakilia kiwanjani. Sisi twasema kwamba machozi yale yalikuwa na heshima yake. Miaka mitano nyuma hawakuwa na cha kulilia, maana hapakuwa na mtu aliyetazamia kitu kwao.

Baada ya Tokyo, Rani aliandamwa na majeraha. Hakwenda katika Kombe la Dunia la mwaka 2022, na alipopona hakupata tena nafasi ya kudumu katika timu. Mashaka yakarudi, na safari hii hayakuwa ya mwalimu mmoja wala ya jamaa, bali ya wachaguzi wa timu. Januari 2023 aliitwa tena katika safari ya Afrika ya Kusini, akafunga mabao huko, lakini baadaye hakuitwa tena. Hatujui njia nzuri ya kulisimulia jambo hili, wala hatutaki kuliremba. Kuna mashaka ambayo mtu huyashinda kwa kazi, na kuna mengine ambayo umri na mwili huyaamua.

Mwaka ule ule wa 2023 uwanja mmoja katika mji wa Rae Bareli uliitwa kwa jina lake, heshima ambayo hakuna mwanamke mwingine wa hoki aliyewahi kuipata kabla yake. Tarehe 24 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 29, alitangaza kwamba ameacha kuchezea taifa, baada ya kulichezea zaidi ya mara 250. Chama cha hoki cha nchi yake kikatoa amri kwamba namba 28, aliyokuwa akiivaa mgongoni, isipewe mchezaji mwingine.

Kabla ya hapo, katika mwaka 2023, chama hicho kilikuwa kimekwisha kumpa kazi ya kuwa mwalimu wa timu ya wasichana wadogo. Basi ikawa ni yeye aliyesimama ukingoni mwa kiwanja na filimbi mkononi, na watoto wembamba wakamjia na magongo yao wakimwomba awatazame.